Mtumbwi wa Kona ya Mkuyu

Mamba,
6 Juni 1976

Mdogo wangu Gaudensi,

Pokea salamu zetu sote wa hapa nyumbani. Mama mguu wake unamsumbua asubuhi, ila jua likipanda anatembea mwenyewe mpaka kanisani na kurudi, na njiani anasalimia hata asiowajua. Shemeji yako Getrude hajambo. Mpunga tumeshavuna. Umejaa vizuri mwaka huu, ingawa ndege wametusumbua sana upande wa mtoni. Yule mbwa uliyemwacha mdogo alikufa mwaka juzi. Sikumbuki kama nilikuandikia. Naona sikukuandikia.

Sasa neno lenyewe. Nimemaliza kuchonga mtumbwi. Ni wa mninga, urefu wake hatua saba, na umenichukua miezi minne. Nimeuchonga kwa sababu kuna jambo linaniwasha kichwani tangu utoto: kiangazi, mto Kavuu ukipungua, maji yake yanaishia wapi? Nimeuliza watu watatu. Mmoja anasema yanafika ziwa Rukwa mwaka mzima. Wa pili anasema yanaishia kwenye matete kabla ya ziwa. Wa tatu anasema yanaingia chini ya ardhi na kutokea mbele. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kuona.

Nataka nikaone Septemba, mto ukiwa chini kabisa. Siku nne au tano, tunashuka polepole, tunavua kambale kwenye vidimbwi, tunalala kwenye mchanga. Juu huko siku hizi ni hifadhi, hatuvui. Tutaanzia kivukoni kwetu na kushuka. Nasema tutaanzia, maana nataka twende wawili.

Najua hujakanyaga hapa tangu tulipomzika baba. Sitaki kuandika juu ya hayo. Naandika juu ya mto.

Kama Mpanda madukani kuna ndoana kubwa, nitafutie kumi. Barua hii anakuletea Yotham, utingo wa lori la mpunga. Mpe majibu yeye huyo.

Ni mimi kaka yako,
Melkior


Mpanda,
3 Julai 1976

Kaka Melkior,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia mama anatembea. Mwambie tarehe kumi na tisa ya mwezi uliopita Tereza alijifungua mtoto wa kike, tumemwita Hilaria. Ana sauti kubwa kuliko filimbi ya treni, majirani wote wameshamfahamu. Kazi yangu ya mizigo pale stesheni inaendelea. Siku hizi mabehewa ya tumbaku yanachelewa, tunashinda tumekaa juu ya magunia tukisimuliana uongo.

Ndoana nimepata nane tu. Yotham anazo, nimezifunga kwenye karatasi.

Habari ya mtumbwi nimeisoma mara nyingi, nikabaki na maswali. Mto ukiwa chini kabisa, mtumbwi wa hatua saba unapitaje kwenye mchanga? Na viboko je? Na kama maji yanaishia kwenye matete, mtajuaje kwamba hayaendelei upande wa pili? Hapa stesheni kuna mzee aliyewahi kufanya kazi na wapima ardhi. Anasema waliwahi kufika huko, wakageuka kwa sababu ya mbu. Kwa hiyo hata wao hawajui.

Likizo sijui kama nitapata. Lakini nikija, naomba tusianzie kivukoni. Tuanzie chini ya Kona ya Mkuyu, tubebe mtumbwi kwa mkokoteni wa ng'ombe mpaka pale. Ni rahisi zaidi.

Msalimie shemeji. Mama mwambie shikamoo yangu haijapungua.

Mdogo wako,
Gaudensi


Mamba,
25 Julai 1976

Mdogo wangu,

Mama alipigia vigelegele barua yako kabla sijamaliza kuisoma. Anataka kujua Hilaria amefanana na nani, na wewe hukuandika. Andika.

Maswali yako yamenifurahisha, nikaona bado ni wewe yule yule. Kwenye kina kifupi tunashuka na kuuburuta mtumbwi. Mtu mmoja hauwezi, ndiyo maana nahitaji wawili. Viboko nao, maji yakipungua wanabanana kwenye vidimbwi vikubwa, kwa hiyo tunajua walipo. Hapo tunapita nchi kavu, tunauviringisha mtumbwi juu ya magogo. Na matete je? Tutapanda juu ya mti tuangalie.

Nimechomeka mti pale kivukoni, nikaukata alama kwa panga kila shibiri. Katika mwezi mmoja maji yameshuka shibiri mbili. Wazee wanasema hawajaona kiangazi kama hiki.

Lakini mkokoteni wa nini? Kutoka kivukoni mpaka Kona ya Mkuyu ni maji mazuri, ndiyo sehemu nzuri kuliko zote. Sikuelewa.

Na sasa sikiliza hili. Kuna Msukuma mmoja, Manyanda, amehamia huku na ng'ombe zake. Jumatano alikwenda kunywesha pale Kona ya Mkuyu, akaona kitu kimetokeza kwenye tope upande wa mizizi. Alidhani ni mamba, akakirushia jiwe. Kikatoa mlio kama wa mti. Ni pua ya mtumbwi, imetoka nje kiasi cha shibiri mbili.

Gaudensi, pale hakuzama mtumbwi mwingine ila wa baba. Wewe ulisema kiboko aliukata katikati, kwa hiyo hiki kitakuwa kipande cha mbele. Kipande kingine kiko wapi? Kilipelekwa na maji? Miaka minane mti ule umekaa chini ya tope na haujaoza! Nimeshangaa mpaka Getrude amenicheka. Nataka tukautazame tukiwa njiani, mimi na wewe. Wewe ndiye uliyekuwa ndani yake.

Andika upesi siku utakayokuja.

Kaka yako,
Melkior


Mamba,
29 Agosti 1976

Gaudensi,

Hatujambo. Mwezi umepita na sijapata neno. Yotham anasema barua alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, ukaiweka mfukoni, ukamwambia hakuna majibu.

Maji yameshuka shibiri nyingine. Ile pua ya mtumbwi sasa imetoka urefu wa mkono. Sijaenda. Nakusubiri.

Mama aliniuliza kama umejibu, nikasema lori limeharibika. Nimemdanganya mama kwa ajili yako.

Melkior


Mpanda,
8 Septemba 1976

Kaka,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Mtoto alipata homa, tukashinda hospitali siku tatu, sasa anaendelea vizuri. Amefanana na mama, paji la uso hasa. Tereza anawasalimu sana.

Likizo nimekosa. Mwaka huu haitawezekana. Nenda na mtu mwingine, au ngoja mwakani.

Na kaka, nakuomba, usiende pale Kona ya Mkuyu. Tope la pale ni la kuzama, mtu akikanyaga vibaya hatoki. Viboko nao maji yakiwa machache wanakuwa wakali, na mamba hawana pa kwenda. Mtumbwi wa zamani una faida gani? Hutauvulia samaki tena. Uache pale ulipo, mvua zikija utafunikwa. Mto ni mrefu, kavue kwingine, kaangalie hayo matete yako, uniandikie maji yanaishia wapi. Nitafurahi sana kujua.

Nimekuomba kama mdogo wako. Sijawahi kukuomba kitu tangu nilipoondoka.

Gaudensi


Mamba,
3 Oktoba 1976

Mdogo wangu Gaudensi,

Mama hajambo. Getrude hajambo. Nimekwenda.

Barua yako niliisoma mara tatu, na kila nikiisoma ndivyo nilivyozidi kutaka kujua. Mtu anayesema kitu hakina faida haombi hivyo. Kwa hiyo jana Jumamosi nilimchukua Manyanda na majembe mawili. Tope lilitufika magotini tu. Viboko walikuwa mbali, kwenye kidimbwi cha chini, tuliwasikia wakipumua.

Tulichimba kutoka asubuhi mpaka jua la utosi. Mimi nilikuwa nangoja jembe lifike mwisho wa kipande. Halikufika. Tulichimba mbavu, tukachimba mahali pa kukaa, tukachimba mpaka nyuma kabisa, mahali baba alipokuwa anasimama na upondo. Manyanda akaupima kwa miguu, akaniangalia.

"Nyie si mlisema kiboko aliukata katikati?"

"Ndivyo tulivyoambiwa."

"Basi kiboko huyo alikuwa na huruma," akasema, akacheka. Halafu akaona uso wangu, akaacha.

Mtumbwi ni mzima, Gaudensi. Hauna alama ya jino hata moja.

Tuliumwagia maji kuusafisha. Upande wa kulia, karibu na nyuma, kwa ndani, kuna kipande cha bati la debe, ukubwa wa viganja viwili. Kimepigwa misumari ya viatu, mistari miwili. Sikuhitaji kuambiwa ni kazi ya nani. Misumari ile niliiomba kwa fundi viatu wa Majimoto. Upande wa juu bado imeshika. Upande wa chini yote imeng'oka, na bati limekunjika kuelekea ndani, kama mlango uliosukumwa kutoka nje.

Manyanda akauliza, "Hiki nani alikipiga?" Nikamwambia ni mimi. Alikwenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwepo.

Sasa nitakuandikia jambo ambalo sijamwambia mtu, hata Getrude. Baba alinipa ule ufa wa mtumbwi niuzibe Jumatatu ya wiki ile. Nta ya nyuki haikutosha kujaza chini ya bati. Nilijua haitoshi. Nilikuwa na haraka ya kwenda shamba, nikapiga misumari mingi ili isionekane, nikamwambia baba, "Itafaa mpaka Jumapili, halafu nitairudia." Alhamisi mkaenda mtoni. Uliposema ni kiboko, nilishukuru Mungu. Nilimshukuru kweli, baba yetu akiwa bado hajapatikana. Halafu siku ya matanga nikasimama mbele ya watu wote nikakuambia ungekuwa mwanaume ungerudi kumtoa. Nadhani nilisema kwa sauti kubwa ili nisisikie kitu kingine.

Lakini huenda bati liling'oka baadaye, kwa tope na miaka. Mimi siwezi kujua. Mti hausemi ni siku gani. Wewe ulikuwepo. Niambie.

Kaka yako,
Melkior


Mpanda,
12 Oktoba 1976

Kaka Melkior,

Shikamoo. Hapa sote wazima. Yotham anangoja nje na dereva anapiga honi, lakini nimewaambia wangoje, maana barua hii nisipoimaliza leo sitaiandika tena.

Asubuhi ile tulivuta mtumbwi juu ya mchanga tukatoa migono, samaki walikuwa wengi, kila mgono umejaa. Tulikawia. Jua la Oktoba unalijua. Mtumbwi ulikaa juani mpaka ukiushika unaunguza, na nadhani nta ililainika. Ndipo tukausukuma majini, mimi mbele na wavu, baba nyuma, tukaingia kwenye kina cha Kona ya Mkuyu.

Nilihisi maji miguuni. Nikasema, "Baba, maji."

Akaangalia chini, akaweka mguu wake juu ya kiraka, akacheka. Kaka, alicheka kweli. Akasema, "Huyu Melkior! Misumari ya kanisa zima, nta ya kijiko." Hakuwa na hasira. Alisema kama anavyosema mtu juu ya mtoto wake aliyeanza kujifunza kazi. Halafu akasema, "Tugeuze ukingoni, tutamcheka jioni." Akasukuma upondo kwa nguvu, mguu ukatoka juu ya bati, na bati likafunguka.

Mtumbwi ulijaa mara moja. Ulikwenda chini kama jiwe, na ule wavu ukamzunguka baba miguu. Nilipiga mbizi mara tatu. Mara ya tatu nilimshika mkono. Alinishika na yeye. Halafu akaniachia. Sikumwachia mimi, aliniachia yeye, na akanisukuma juu. Hilo nimelibeba peke yangu, hata Tereza hajui.

Viboko walikuwepo upande wa chini. Walitutazama tu. Hawakutugusa.

Nilipofika ukingoni watu walikuwa wameshaanza kuja wakikimbia. Wa kwanza akauliza, "Ni kiboko?" Nikakuona wewe nyuma yao, unakimbia, jembe bado uko nalo mkononi umesahau kulitupa. Nikakutazama, nikasema, "Ndiyo." Neno moja tu. Baadaye likahitaji maneno mengine ili lisimame, ndipo nikasema aliukata katikati.

Uliponisema siku ya matanga nilifungua mdomo nikwambie. Nikaona mama amekaa katikati yetu. Nikafikiri mmoja wetu lazima abaki naye, na anayejua kiraka chake kimefanya nini hataweza kubaki pale, akipita kando ya mto ule kila siku. Mimi ningeweza kuondoka. Nikaondoka.

Nisikudanganye tena. Si kwamba niliyabeba yote kwa moyo mweupe. Kuna miaka nilikuchukia. Nilikuwa nimekaa juu ya magunia nasikia sauti yako ikisema ungekuwa mwanaume, na nilitamani kiangazi kije kikali mto ukauke wote, uone. Kisha kikaja, nikaogopa. Na likizo sikunyimwa. Sikuiomba.

Baba hakukulaumu. Alitaka kukucheka jioni, basi. Ukiacha mengine yote, hilo lishike.

Mdogo wako,
Gaudensi


Mamba,
24 Oktoba 1976

Mdogo wangu Gaudensi,

Salamu za Getrude, na za Manyanda ambaye hakujui lakini anakuulizia.

Barua yako nilikaa nayo siku nne. Halafu nikaenda kwa mama, nikamsomea yote, yako na ile nakala ya yangu niliyokuandikia, sikuruka mstari. Nilisoma nimesimama. Aliendelea kuchambua mchele, mkono wake haukusimama. Halafu akasema, "Isome tena pale alipocheka." Nikasoma. Akasema, "Tena." Nikasoma mara ya tatu, akanichukulia karatasi mkononi ingawa hajui kusoma.

Akaniambia, "Wewe utakwenda kwa balozi, uitishe watu walewale waliosikia ukimsema mdogo wako." Jumapili iliyopita baada ya misa nimefanya hivyo. Nilisimama nikawaambia kiraka kilikuwa changu, na kwamba ulipiga mbizi mara tatu. Wengine walinishika mkono. Wengine waliondoka bila kunisalimu. Nimeona ni haki yao.

Sitakuambia moyo wangu umetulia. Najua sasa nilichofanya, na najua ulichonifanyia, na katika haya mawili sijui lipi ni zito zaidi. Siwezi kukurudishia miaka minane. Kuna mambo nataka kukuuliza ambayo hayaandikiki, nitayauliza tukiwa tumekaa. Alicheka kwa sauti au kwa pumzi tu? Na ulipokaa Mpanda miaka yote ile, nani alikuwa anakupikia kabla ya Tereza?

Mvua bado. Watu wanasema mwaka huu zitachelewa mpaka katikati ya Novemba. Mto umebaki vidimbwi, na kati ya kidimbwi na kidimbwi kuna mkondo mwembamba ambao Getrude anauruka. Nilikwenda mpaka nusu ya siku kuelekea Rukwa kwa miguu, nikageuka. Sitaki kuujua mwisho wake peke yangu.

Omba likizo. Ondoka huko Jumamosi tarehe sita Novemba, Yotham atakuwekea nafasi mbele kwa dereva, wewe na Tereza na mtoto. Mama anataka amwone hilo paji la uso. Wao watabaki naye, sisi tutashuka Jumatatu, na tutaanzia kivukoni.

Mtumbwi niliuchonga vizuri, nimeuloweka wiki nzima na haujavuja. Lakini fundi ni mimi yule yule. Wewe utakaa mbele, mimi nyuma na upondo. Maji yakiingia, sema.

Kaka yako,
Melkior